Unga Chini ya Rafu

Mtu akiogopa mwizi hununua kufuli, akiogopa mvua huziba bati lake. Lakini ipo hasara isiyobisha hodi, kwa sababu haitoki nje. Imo ndani, tunakula nayo na kulala nayo, na mara nyingi ni sisi wenyewe tulioivutia kiti ikae. Ndiyo maana wahenga wakatuachia neno kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Wengi wetu tulilijua tangu shuleni, tukalisema kama wimbo wa kuruka kamba, kisha tukaenda zetu kucheza. Hata Mama Vinyago alilijua, tena yeye nguo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na bado halikumfaa kitu mpaka lilipomfika mwenyewe.

Mama Vinyago alikuwa mshonaji wa sare za shule. Chumba chake cha mbele kilikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa mguu iliyokaa karibu na dirisha, meza ya kukatia, kioo chenye ufa na pazia la kubadilishia nguo. Ukuta wa nyuma ulikuwa na rafu tangu chini hadi karibu na dari, na rafu hizo zilijaa watu wa mti. Walikuwapo wanawake waliopiga magoti, pacha walioshikana mabega, mzee mwenye kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, na mama aliyebeba mtoto mgongoni huku mtoto mwenyewe amekunja uso kama aliyenyimwa. Wanafunzi waliokuja kupimwa sketi wakiambiwa "geuka" walikuwa hawageuki, kwa hofu ya kuwapa mgongo watu wale.

Wa kwanza kuingia katika nyumba hiyo alikuwa Bibi Mshika Tumbo. Huyu alichongwa na babu yake Mama Vinyago kwa ajili ya mkewe, naye alikuwa mwanamke aliyesimama wima, mikono miwili tumboni, macho yamefumbwa nusu kama mtu anayesikiliza habari njema. Mama Vinyago alimkuta nyumbani kwa shangazi yake, shoka limekwisha kuinuliwa juu yake.

"Shangazi! Huyu unampasua?"

"Sasa nimfanyeje, nimpikie?" shangazi alijibu bila kushusha shoka. "Kuni zimeisha, na huyu kazi yake ni kushika tumbo tu, hazai wala hafagii."

Mama Vinyago, ambaye wakati huo alikuwa bado bibi harusi, alivua kitenge chake cha juu, akamfunga bibi yule kama mtoto mchanga na kwenda naye. Tangu siku hiyo hakupumzika. Akisikia mahali chumba cha mzee fulani marehemu kinatolewa vitu nje, ataacha suruali ya watu haina mguu mmoja, aende. Fedha za kununulia hakuwa nazo, alikuwa na mikono. Huyu alimshonea gauni, yule alimpunguzia suti, na wao wakampa kinyago walichotaka kukitupa. Naye hakukipokea kimya kimya. Aliuliza kilikuwa cha nani, nani alikichonga, kilikaa upande gani wa nyumba. Majibu aliyaweka kichwani, na kila alipofuta vumbi aliyarudia kwa sauti ndogo, kama anayewaita watoto kula. Kisha yeye alimpa kila mwenye kinyago neno lile lile: "Nitakutunzia."

Mmoja wa waliopewa neno hilo alikuwa Fundi Saa, mzee aliyekuwa akitengeneza saa za mkono kwenye kibanda mbele ya posta. Mkewe alipofariki alihamia chumba kimoja nyumbani kwa mkwewe, na mkwewe hakutaka kuona kinyago. Basi akamletea Mama Vinyago mwanamke mwembamba wa mti, mwenye shingo ndefu, ambaye marehemu alikuwa akimtundikia shanga zake kila alipovua. Kila alipopata nafasi alipita kumsalimu.

"Hujambo, mke wangu?" alikuwa akisema, mikono nyuma. "Shingo bado ndefu. Na bado unaninyamazia. Ungejifunza kunyamaza mapema tungeishi kwa raha."

Mama Vinyago alikuwa akicheka mpaka uzi unamtoka kwenye tundu la sindano.

Lakini ukimwona anacheka usidhani alikuwa mtu wa kupokea tu. Alikuwa na sheria moja, na sheria hiyo ilikuwa ngumu kuliko jeans. Zamani aliwahi kupoteza kinyago kizuri kwa wadudu wale wadogo watoboao mti, bungua, ambao hula ndani na kuacha ngozi ya nje ikimeremeta. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa akikifuta vumbi kila siku na kukisifu, kumbe anasifu ganda. Akaulizia kwa watu wa mbao, akaambiwa baridi kali huwaua. Kuanzia hapo, lile friza alilokuwa akiuzia barafu likabadilishwa kazi. Kinyago chochote kilichoingia nyumbani mwake kilifungwa kwenye mfuko wa nailoni, kikalazwa ndani ya friza hadi kigande kama jiwe, kikatolewa, kikarudishwa tena, ndipo kikapewa nafasi. Jirani mmoja mgeni aliwahi kuja kutafuta barafu, akafunua mwenyewe, akakutana na uso umemtolea macho chini ya nailoni. Ukelele wake ulisikika hadi kwa kinyozi.

"Hakuna anayepanda rafu kabla hajashuka friza," Mama Vinyago alipenda kusema. Cha mwenyekiti wa mtaa kiligandishwa. Cha mchungaji kiligandishwa. Hata Fundi Saa aliposihi kwamba mkewe alikuwa mtu wa kusikia baridi, alijibiwa, "Atavumilia, shemeji. Akitoka hapo hakuna atakayemgusa."

Ikatokea siku moja Bi Mkutubi, mwanamke aliyesimamia maktaba ya mji, alileta sketi yake ibadilishwe zipu. Alikuwa mtu wa maneno machache, kama anayeogopa kuamsha wasomaji. Zipu ilibadilishwa, ikamalizika, naye bado amesimama mbele ya rafu.

"Ukifa," alisema mwishowe, "hawa watakwenda wapi?"

Swali lile lilimchoma Mama Vinyago mahali palipokuwa pakimwasha siku nyingi. Alijua mwisho wa vitu vya mtu aliyekufa, ndiko alikovitoa. Bi Mkutubi akamwambia kuna chumba pale maktaba, paa lake linavuja, lakini likitengenezwa anaweza kumwombea kiwe cha vinyago vyake, kila kimoja na habari zake pembeni, watu waje watazame. Mama Vinyago aliketi kwenye kiti cha cherehani akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha sare. Kila aliyeambiwa "nitakutunzia" sasa angetunziwa kweli, hata baada ya yeye mwenyewe kuwekwa chini. Tangu hapo paa la maktaba likawa ndoto yake. Ikinyesha mvua aliwaza paa la maktaba, hakuwaza la kwake.

Alikuwa na watoto wawili. Binti yake, kifungua mimba, alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, akirudi nyumbani na nyusi nyeupe kama ajuza. Mdogo wake alikuwa kitinda mimba, na mtaa mzima ulimwita Mtanashati, kwa kuwa viatu vyake viling'aa hata wakati wa matope. Mama yake alimwita "baba", kwa kuwa alirithi jina la babu yake mzaa mama, na kwa jina hilo alimsamehe mengi. Mkasi mpya wa mama ukipotea, "nimeuweka vibaya mwenyewe." Kitambaa cha mteja kikipungua, "nilikipima nikiwa nimechoka." Mtanashati akisema ana ofisi, mama hakuuliza ofisi ya nini wala iko mtaa gani. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Siku moja Mtanashati akaja amebeba kitu kimefungwa kwenye shuka, akakiweka juu ya meza ya kukatia na kukifunua taratibu kama anayemvua bibi harusi shela. Kilikuwa kinyago cha mwanamke aliyeketi, amepakata bakuli, mweusi tii, anang'aa, nyufa za uzee mabegani.

"Malkia huyo, mama. Nimempata kwa bikizee mmoja mbali huko, karne na karne. Nikasema hakuna wa kukaa naye ila mama yangu."

Mama Vinyago alishika mashavu yake. Mwanawe hakuwahi kumletea hata kitana. "Umenikumbuka, baba? Wewe?"

"Nisikukumbuke wewe nimkumbuke nani?"

Binti aliyekuwa ameegemea mlango akanusa. "Mbona ananukia rangi ya viatu?"

"Pua yako imejaa hamira," Mtanashati akamrukia. "Wewe zoea kunusa mikate."

Kusema kweli harufu ile Mama Vinyago aliisikia. Fundi wa nguo hujua kwa pua nguo iliyooshwa na iliyopigwa pasi tu. Aliisikia vizuri, kisha akaimeza. Labda huyo bikizee alimpaka apendeze, alijiambia. Binti akaenda kufungua friza na kusogeza vifuko vya barafu.

"Anaenea, mama. Nimlaze upande?"

Mama alitazama friza, akamtazama mwanawe. Mtanashati alikuwa amekwisha kutoka barazani, simu sikioni, anacheka na mtu. Mama aliona uso wake ule ule wa utotoni.

"Funga hilo friza," alisema.

"Sheria si sheria, mama?"

"Sheria ni ya watu wa nje. Kitu cha mwanangu, kitu cha kwanza kuniletea tangu nimzae, nikitie kwenye baridi kama samaki? Ataona namshuku."

"Cha mchungaji ulikitia."

"Mchungaji nimemzaa mimi?"

Neno likaishia hapo. Malkia alipandishwa rafu ya katikati, mahali pa heshima, bega kwa bega na Bibi Mshika Tumbo, na mke wa Fundi Saa akasogezwa kidogo ili ampishe.

Miezi ikapita. Mtanashati sasa alikuja nyumbani mara kwa mara, tena na wageni: watu wa kofia pana na miwani, waliokaa kwenye kiti cha wateja na kutazama rafu kwa adabu. Mtanashati aliwaonyesha Malkia, akawaambia kwamba wenzake wa namna hiyo wako ofisini kwake. "Mama yangu haweki takataka hapa," alisema. "Mji mzima unajua. Si kweli, mama?"

"Ni kweli," Mama Vinyago alijibu, kwa kuwa kweli hakuwa akiweka takataka. Wageni wakaitikia kwa vichwa, wakaenda na Mtanashati ofisini. Hakujiuliza neno lake lilikuwa limetumwa wapi.

Hapo ndipo ulipoanza unga.

Asubuhi moja alipokuwa anafagia aliona chini ya rafu ya katikati kichuguu kidogo cha kitu cheupe kinachoelekea umanjano. Akakifagia. Wiki ile ile kikarudi. Akakifagia tena, akasema vumbi la barabarani limezidi. Akafunga dirisha, unga ukaendelea. Binti yake aliporudi kazini jioni moja alichuchumaa, akachota kidogo, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Mama, hili si vumbi."

"Ni nini basi, dhahabu?"

"Mimi kutwa nimo ndani ya unga. Vumbi lina mchanga, linakwaruza. Hili halikwaruzi. Huu ni unga, na unga una anayeusaga." Akainua macho hadi kwa Malkia. "Na unaanzia hapa. Tazama vitundu hivi chini ya bakuli. Mtoe mama, mtie friza leo, na wenzake wote."

Mama Vinyago alitazama. Aliona vitundu, vidogo kama alama ya pini kwenye kitambaa. Moyo ulimwambia kweli. Lakini wakati ule ule aliona pia kwamba kumtoa Malkia ni kusema mwanawe alileta ugonjwa nyumbani, na mwana akikasirika ataacha kuja, na nyumba itakuwa kimya kama zamani. Kwa hiyo badala ya kumshika Malkia, alimshika binti yake kwa maneno.

"Tangu alete zawadi hukulala. Wewe umeniletea nini zaidi ya mikate iliyoungua?"

Binti alisimama. Unga wa rafu ulikuwa bado kidoleni, akaupangusa kwenye aproni yake. "Sawa, mama. Mikate iliyoungua nitaacha kuileta." Hakubamiza mlango. Ingekuwa nafuu kama angeubamiza. Juma lililofuata alihamia kwenye vyumba vya wafanyakazi wa kiwandani, akawa anapita kusalimia tu, amesimama.

Mama Vinyago akabaki na ufagio wake. Kila asubuhi, kabla mteja hajaingia, alifagia chini ya rafu. Alifagia haraka, bila kutazama, kama mtu anayefuta neno baya lililoandikwa ukutani kwake. Baada ya kufagia chumba kilikuwa safi kabisa, wala mtu yeyote asingejua.

Mwishowe paa la maktaba likatengenezwa. Bi Mkutubi akatuma salamu kwamba atakuja na masanduku na mafundi wawili kuvichukua vinyago. Mama Vinyago alijishonea gauni jipya la bluu. Alimwita binti yake, akaja. Mtanashati alikuja bila kuitwa, amevaa suti na tai, kwa kuwa alisikia patapigwa picha. Alikuwa hata na hotuba. "Nitasema mimi ndiye niliyemletea mama Malkia," aliwaambia mafundi, nao wakacheka wakiendelea kutandaza nyasi ndani ya masanduku.

Walianza na vya rafu ya pembeni, vile vya mpingo, vizito kama chuma. Vikaingia sandukuni bila tatizo. Mama Vinyago mwenyewe hakuwa akivithamini sana vile, maana vilikuwa vipya, vya juzijuzi. Wazee wake hasa walichongwa kwa mti mwepesi, mti unaokubali kisu.

"Huyu nitambeba mwenyewe," alisema, akamkumbatia Bibi Mshika Tumbo kiunoni amwinue.

Kidole gumba chake kikaingia ndani.

Kiliingia kama kwenye mkate uliolowa. Aliganda pale pale, kidole tumboni mwa bibi, na kutoka chini ya miguu ya bibi yule ukaanza kumwagika unga, ukamwagika bila haraka juu ya viatu vyake. Kisha mikono iliyoshika tumbo tangu enzi za babu ikaachia. Ilianguka chini kwa sauti ndogo kabisa, kama kifungo.

Bi Mkutubi alivaa miwani yake, akamgonga kwa kucha pacha wa kwanza, wa pili, mzee wa kichwa kikubwa, mama na mtoto wake mnuni. Wote waliitika sauti ile ile ya kibuyu kitupu. Alipofika kwa Malkia alimpindua kichwa chini miguu juu, akakwaruza kitako chake kwa ufunguo. Chini ya weusi ule mti ulikuwa mweupe, mbichi, wenye mistari ya msumeno wa mashine.

"Huyu hana uzee wowote," alisema polepole. "Amezikwa kwenye udongo akatolewa, akapakwa rangi. Na mti huu mchanga ndio chakula wanachokipenda. Walianza kwake, wakahamia kwa majirani." Akamgeukia Mama Vinyago, na sauti yake ilikuwa ya huruma kuliko lawama. "Mama, nisamehe. Siwezi kuingiza hata kimoja. Hata hivi vya mpingo, mpaka nione. Vitabu navyo ni mti."

Mama Vinyago akamtafuta mwanawe kwa macho. Mtanashati alikuwa amelegeza tai.

"Baba," aliita. "Bikizee gani huyu?"

"Mama, biashara ndivyo ilivyo..."

"Nimekuuliza bikizee gani?"

"Hakuna bikizee!" Mtanashati alipasuka. "Tunavichonga sisi, kule ofisini. Lakini wageni hawaamini mpaka wakione mahali pa heshima, na mahali pa heshima mji huu ni hapa kwako. Ndiyo maana nikamleta. Sikutaka kukuharibia, wallahi. Tulijua ana wadudu, ndiyo, mti mbichi lazima. Lakini nilijua utamtia friza! Wewe si kila kitu unakitia friza? Cha mchungaji ulitia! Ningejuaje kwamba changu utakiacha?"

Maneno yale yalimpiga Mama Vinyago kuliko kofi. Angetaka mwanawe awe amedanganya na hilo pia, lakini hakuona uongo. Mtoto alikuwa ametegemea ukali wa mama yake, na siku ile moja mama hakuwa mkali. Alimkosea mwana kwa kumpenda vibaya, na mwana akamkosea kwa kulijua pendo hilo na kulitembeza mjini.

"Ni vinyago tu, mama," Mtanashati alisema, sasa kwa unyonge, akiokota mkono mmoja wa bibi na kutojua auweke wapi. "Nitakutafutia vingine."

Dada yake alimpokonya mkono ule, akauweka mezani juu ya kitambaa. "Nenda," alimwambia. Akaenda, viatu vyake vikiacha alama katika unga hadi mlangoni. Mafundi nao wakavitoa vile vya mpingo, wakabeba masanduku matupu. Bi Mkutubi alimbana Mama Vinyago bega, akatoka bila kuaga, maana hakukuwa na kwaheri ya kufaa.

Mama na binti walianza kutia vinyago kwenye mifuko ya nailoni na kuvilaza kwenye friza, kimoja juu ya kingine, ingawa wote wawili walijua kwamba wanagandisha maganda. Mama Vinyago alikipakata kila kimoja kabla ya kukifunga, akataja kilikuwa cha nani na kilikaa upande gani wa nyumba.

"Ulinionyesha kidoleni kabisa," alimwambia binti yake. "Nami nikachukua ufagio."

Binti alimfungia mfuko kwa fundo, akampa mwingine.

Walikuwa bado hawajamaliza mlango ulipobishwa. Alikuwa Fundi Saa, amevaa koti lake la harusini lililomlegea mabegani, ndevu zimenyolewa, mkononi ameshika kamba ya shanga.

"Nimechelewa?" aliuliza. "Nimekuja kumsindikiza mke wangu maktaba. Nikasema leo ni siku kubwa, asiende shingo tupu."

Mwanamke yule wa shingo ndefu alikuwa mapajani mwa Mama Vinyago wakati huo huo. Alikuwa amejaribu kumwinua kwa mikono miwili kama unavyoinua yai, na bado shingo ilikuwa imekatika. Kichwa kilikuwa mkono wa kulia, kiwiliwili mkono wa kushoto. Fundi Saa alisogea, akatazama kwa muda mrefu, kwa lile jicho la kutazama ndani ya saa iliyosimama. Kisha akanyoosha mkono akapokea kichwa. Kilikuwa chepesi mno hata mkono wake ukapanda juu wenyewe.

"Lo," alisema. "Kumbe umekwisha hivi." Akazikunja shanga, akazirudisha mfukoni. "Uliniambia akitoka friza hakuna atakayemgusa."

"Nilikuambia, shemeji."

"Sasa amekuliwa na nani?"

Mama Vinyago alifungua mdomo ili ataje mdudu, mdomo ukakataa. Alitaka kumtaja mwanawe, moyo ukakataa, kwa kuwa haikuwa kweli yote. Alitazama ufagio uliosimama pembeni, ule wa kila asubuhi. Kisha akainamisha kichwa akaitazama nguo yake mpya ya bluu, aliyoikata mwenyewe na kuishona mwenyewe pindo kwa pindo. Mapaja yote yalikuwa meupe kwa unga. Akaukung'uta, nao ukazidi kuingia ndani ya nyuzi.

"Simtafuti mbali, shemeji," alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako."